Chumba Kilichonyamaza Saa Nne Asubuhi

Nyinyi mnaoanza kazi hii ya kusaidia wazazi na walimu, wacha niwaambie kwanza jambo ambalo wenzangu wengi hawalijui. Niliwahi kusimama katika ukumbi wa kanisa pale Gatina, mbele ya wazazi na walimu waliojaa hadi mlangoni, nikamsifu mama mmoja kwa jambo lililokaribia kuua mtoto. Nilimpigia makofi. Nikampa na beseni jipya kama zawadi. Sikuwa mgeni kazini, nilikuwa na miaka mingi nyuma yangu, na nilikuwa na hakika kabisa na nilichokuwa nasema. Mpaka leo nauona ule mkono wangu ukimkabidhi lile beseni.

Naitwa Mwalimu Mueni. Kwetu ni Kitui, ingawa nimekaa Kawangware muda mrefu hata nikienda nyumbani wananicheka, wanasema naongea kama mtu wa Nairobi. Nilifundisha chekechea kwa muda, halafu nikaingia kwenye kazi iliyonizeesha: kutengeneza nyenzo. Tulikuwa na chumba kimoja Makina, Kibera, nyuma ya duka la fundi cherehani. Rafu tatu, meza moja, na mkasi ambao kila siku ulikuwa umepotea. Mwalimu mwenye watoto sitini na vipande viwili vya chaki akija, tunampa kadi za herufi, vitabu vya hadithi tulivyoshona wenyewe kwa uzi, na vizibo vya chupa vya kuhesabia. Mzazi asiye na nafasi akija, tunampa karatasi ya ushauri: namna ya kumsaidia mtoto kusoma, namna ya kumtuliza, namna ya yeye mwenyewe kupumua kidogo siku ikimlemea.

Aliyenifundisha kazi ni Bi Zainabu, mzaliwa wa Makina, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kusikika mpaka barabarani. Vizibo vya chupa alivijua kama fundi anavyojua misumari. Unavichemsha, unavisuuza, unavianika, kisha unagonga kingo kwa nyundo mpaka zilale, ndipo mtoto avishike. Siku yangu ya kwanza nilivimimina kwenye kikapu bila kugonga. Alivimwaga vyote sakafuni na kuniambia, "Haya, tembea juu yake bila viatu. Ukifika mlangoni bila kulia, tutawapa watoto." Nilikaa chini nikagonga vizibo mpaka saa sita.

Karatasi yangu ya kwanza ya wazazi niliiandika kwa fahari sana. Ilikuwa na mambo kumi na mawili ya kuzingatia, herufi ndogo, pande zote mbili. Tukazigawa Makina yote. Wiki iliyofuata Bi Zainabu aliingia akila mandazi, na mandazi yenyewe yalikuwa yamefungwa kwa karatasi yangu. Akaikunjua, akapangusa mafuta, akasoma kwa sauti: "Tenga saa moja kila jioni kwa mazungumzo tulivu na mwanao." Akacheka mpaka akakohoa.

"Saa moja! Mueni, huyu uliyemwandikia ana mpishi? Ana mfuaji?"

"Ni ushauri mzuri, Bi Zainabu."

"Ni mzuri. Na mandazi yamekaa vizuri ndani yake."

Kuanzia siku hiyo alinizoesha jambo moja ambalo nawaomba mlishike. Ukitengeneza karatasi ya mzazi, usimpe mwenzako wa ofisini aisome. Ipeleke kwa mama anayesonga ugali. Aisome amesimama, mwiko mkononi, mtoto akimvuta leso. Akiweza kuimaliza na kukwambia ilisema nini kabla ugali haujaiva, basi ni karatasi. Asipoweza, rudi nyumbani. Baadaye simu zilipoenea tukaanza kutuma ujumbe wa sauti, na hapo pia nilianguka. Nilituma ujumbe wa dakika saba. Mama mmoja akanijibu, "Mwalimu, nimeanza kukusikiliza nikitoka nyumbani nikafika kazini bado unasalimia." Dakika moja inatosha. Kama haitoshi, hujajua unachotaka kusema.

Nilijifunza hayo nikadhani nimejifunza kazi yote.

Basi nikapelekwa upande wa Kawangware, kule Gatina, kuwasaidia akina mama wanaolea watoto wadogo majumbani. Mnavijua vyumba hivyo. Mzazi anaenda kibarua alfajiri, anamwacha mtoto kwa mama mwenye chumba, jioni anamchukua. Mmoja wa walezi hao alikuwa Mama Quinter, mwanamke wa makamo aliyetoka upande wa ziwa. Alikuwa na chumba cha chini katika jengo la ghorofa, choo cha nje, na dirisha moja lililotazama ukuta.

Mara ya kwanza nilipomtembelea nilikuta vurugu. Mmoja analia, wawili wananyang'anyana kikombe, mwingine amejichafua, uji unafoka kwenye stovu, na Mama Quinter yuko katikati, mtoto mgongoni na mwingine kiunoni. Walikuwa kumi na wawili. Nilikunja uso. Nikatoa daftari, nikaandika maneno mawili matatu, nikabandika bango la herufi ukutani, nikamwambia nitarudi baada ya wiki mbili kuona maendeleo. Nilikaa pale dakika ishirini labda.

Niliporudi ilikuwa saa nne asubuhi. Nilibisha taratibu, Mama Quinter akafungua, akaweka kidole mdomoni. Watoto wote kumi na wawili walikuwa wamelala kwenye mkeka, wamepangwa vizuri, wamefunikwa leso. Sakafu imepigwa deki. Uji umefunikwa. Hakuna inzi, hakuna kelele, mpaka nikasikia saa ya ukutani ikihesabu. Machozi yalinilengalenga kwa furaha. Nilipiga picha.

Jioni hiyohiyo niliandika karatasi fupi, safari hii nikifuata kila alichonifundisha Bi Zainabu. Maneno machache, herufi kubwa, picha ya mtoto aliyelala. Kichwa chake kilikuwa "Mtoto Mtulivu". Ilisema hivi: mtoto aliyelishwa, aliyepangiwa ratiba na aliyependwa, hutulia. Mtembelee Mama Quinter wa Gatina ujionee. Niliijaribu kwa mama anayesonga ugali. Aliimaliza mara mbili kabla haujaiva.

Ilienea, ndugu zangu. Ilibandikwa kwenye milango, kwenye maduka, kwenye ukuta wa kinyozi. Ndipo tukafanya ule mkutano wa ukumbini. Nilimwita Mama Quinter mbele, nikampa beseni, watu wakapiga makofi. Yeye aliangalia chini muda wote. Mimi nikasema moyoni, tazama unyenyekevu wa huyu mama.

Mtu pekee aliyenitilia shaka alikuwa Mwalimu Wekesa, kijana aliyefundisha darasa la kwanza la chekechea upande wa Riruta. Alinisimamisha njiani siku moja.

"Mwalimu, kuna watoto watatu wamekuja kwangu kutoka kwa Mama Quinter. Hawachezi. Unawapa mpira wanaushika tu. Ikifika saa nne wanaanza kusinzia."

"Wamezoea ratiba," nikamwambia.

"Ratiba gani ya kumfanya mtoto wa miaka mitatu asijue kukimbia?"

Nilikasirika. Nilimwambia, mbele ya muuza mahindi, kwamba yeye ana mwaka mmoja tu kazini na darasa lake linasikika mpaka stendi. Aliniangalia tu, akasema, "Sawa, Mwalimu," akaenda zake. Kijana yule alikuwa ameona kwa macho yake kile ambacho mimi nilipiga picha bila kukiona.

Sasa sikilizeni. Kulikuwa na mama kijana anaitwa Syombua, msichana wa kwetu Kitui, aliyefanya kibarua cha kufua nguo Lavington, mtaa wa matajiri. Mtoto wake, Mwende, alikuwa na mwaka mmoja na nusu. Syombua alimpeleka Mwende kwa Mama Quinter kwa sababu alisoma karatasi yangu. Asubuhi moja mvua ilikuwa kubwa, tajiri wake akamwambia leo hakuna kufua, rudi nyumbani. Akapita kumchukua mwanawe mapema. Mimi nilikuwa kibarazani kwenye chumba tulichopewa na kanisa, nikipanga kadi, nikamwona anakuja mbio kwenye matope, mtoto mikononi, kiatu kimoja hana.

"Mwalimu, haamki!"

Nilidhani anatia chumvi. Nikamchukua Mwende. Kichwa kikaanguka nyuma kama cha mwanasesere wa vitambaa. Nikamwita jina, nikampigapiga nyayo, nikampulizia uso. Hakuna. Alikuwa anapumua, lakini pumzi zilikuwa mbali mbali, unangoja mpaka unaogopa ndipo inakuja nyingine.

Syombua akalia, "Tumpe maziwa! Leta maziwa!" Na mimi, mwalimu mzima, nilianza kufungua chupa ya maziwa. Mama aliyeuza mboga nje ndiye aliyeninyang'anya. "Mtoto amelala hivyo utammiminia maziwa? Yataingia kwenye mapafu!" Shikeni hilo. Mtoto asiyeamka hapewi kitu mdomoni, wala maziwa, wala maji. Unamlaza ubavu, unamkimbiza hospitali.

Tulipanda boda boda wote wawili, mtoto katikati. Kwenye zahanati daktari alimwinua kope, akammulika, akasikiliza kifua. Akamwekea mpira wa hewa puani. Halafu akageuka.

"Amepewa dawa gani?"

"Hajapewa dawa," nikajibu mimi. Mimi ndiye niliyejibu! "Anakaa kwa mlezi mzuri sana. Tunamjua."

Daktari aliniangalia kama mtu anayemwangalia mtoto mwongo. "Mama, huyu mtoto amelazwa na dawa. Si wa kwanza kuletwa hapa. Kuna mtu amempa dawa ya mafua, ile ya kusinzisha, na amempa nyingi. Nendeni mkalete chupa niione, na mfanye haraka."

Niliketi kwenye benchi nikajikuta nahesabu. Wale kumi na wawili kwenye mkeka. Leso zimetandazwa. Saa ya ukutani. Hakuna watoto kumi na wawili wa umri ule wanaolala pamoja saa nne asubuhi. Mtu yeyote aliyelea mtoto mmoja anajua hivyo. Mimi nimelea watatu.

Nilimwacha Syombua pale nikaenda kwa Mama Quinter kwa miguu. Ningeweza kupanda boda boda, lakini sikufikiria, nilikuwa natembea tu, mvua inanipiga. Nilipofika sikubisha. Watoto walikuwa wamelala. Sasa walikuwa kumi na wanane.

"Mama Quinter, iko wapi chupa?"

Hakuniuliza chupa gani. Aliinua mkono akaitoa juu ya kabati, nyuma ya redio, akanipa.

"Mwende yuko hai?"

"Yuko hai. Kwa nini? Niambie kwa nini!"

Alikaa kwenye kigoda. Alizungumza polepole, bila kulia, na heri angelia.

"Ulipokuja mara ya kwanza, Mwalimu, uliwaangalia hawa watoto ukakunja uso. Ukaandika kwa kitabu. Mimi sikujua unaandika nini. Nikajua huyu atanifungia. Kuna mama mwingine hapa chini ana chumba kama changu, akaniambia, siku ya mgeni wape hii kidogo tu, watalala. Nikawapa siku ile umerudi. Ukafurahi. Ukapiga picha."

"Ilikuwa siku moja tu?"

"Ningefanya siku moja. Lakini ukaandika ile karatasi. Wazazi wakaanza kuniuliza, mbona Mwalimu anasema hapa watoto wanatulia na wangu analia? Halafu wakaleta wengine. Kutoka Riruta, kutoka ule mtaa wa Congo, kila mahali. Mimi niko peke yangu. Ungetaka niwatulize na nini?"

Nikamuuliza kuhusu Mwende. Akasema yeye mwenyewe kichwa kilimuuma tangu alfajiri, alikuwa na homa, na hakukumbuka kama Mwende alimpa dawa mara moja au mara mbili.

Nilichukua ile chupa nikaipeleka zahanati. Mwende aliamka alasiri. Alifungua macho, akatapika, akalia kwa sauti nyembamba, na Syombua akapiga magoti sakafuni akashika mguu wa kitanda. Daktari alisema angechelewa saa moja zaidi, hajui angetuambia nini.

Jioni nilikwenda Makina kwa Bi Zainabu. Wakati huo alikuwa amestaafu, magoti yanamsumbua, anakaa kitandani na tasbihi. Nilimweleza yote nikitegemea atanifariji. Aliuliza swali moja.

"Ile mara ya pili ulikaa humo ndani muda gani?"

"Nusu saa. Labda pungufu."

"Na hakuna mtoto aliyegeuka? Aliyekohoa? Aliyekojoa?"

Nikatikisa kichwa.

"Mueni, nilikufundisha kuandika karatasi fupi. Sikukufundisha kuangalia kwa ufupi." Kisha akageuza uso wake ukutani. Hakuwahi kunifanyia hivyo, na niliondoka bila kuaga.

Kesho yake niliripoti, kama inavyotakiwa. Maofisa wa watoto wakaja, wakamhoji Mama Quinter, wakampa onyo la maandishi na kufunga chumba mpaka atimize masharti. Mama yule mwingine wa chini naye wakamfikia. Nililala nikiamini jambo baya limekwisha.

Siku ya tatu nilikuwa napita kwenye ploti moja ya vyumba vya kupanga karibu na pale, nikasikia mtoto analia. Nikafuata sauti. Mlango ulikuwa na kufuli kwa nje. Nikachungulia chini ya mlango nikaona vidole. Vidole vidogo vinne, vimeshika mwanga. Jirani akaniambia bila kuacha kufua, "Huyo ni wa Mama Kevo, Mwalimu. Ameenda kibarua. Si mlifunga kule?" Nikauliza kama kuna wengine. Akanionyesha milango mingine miwili kwa kidevu.

Hapo ndipo niliposhtuka kuliko zahanatini, na sitawaficha. Nilikuwa nimewatoa watoto kumi na wanane kwenye hatari moja na kuwatawanya kwenye hatari nyingine, na hakuna aliyenitafuta kuniuliza, kwa sababu wazazi walikuwa kazini.

Na nani alikuja kunitafuta jioni? Syombua. Mwende mgongoni. Nilidhani amekuja kunitukana, na ningemwacha anitukane.

"Mwalimu, kile chumba mtafungua lini?"

"Syombua! Mtoto wako karibu afe mle ndani!"

"Najua. Mimi ndiye nilimbeba." Alimpangusa Mwende pua. "Lakini kesho naenda kufua, na huyu nitamweka wapi? Niambie. Wewe ndiye mwalimu."

Sikulala vizuri, na asubuhi nikaenda kwa mkubwa wangu nikaomba jambo ambalo hakuna aliyewahi kuomba kwetu. Nikaomba niache kuandika karatasi kwa miezi miwili, nikakae katika kile chumba kila asubuhi. Masharti ya maofisa yalikuwa matatu. Walezi wawe wawili kila wakati. Dawa isiingie mle isipokuwa mzazi mwenyewe ameileta kutoka hospitali. Na mlango uwe wazi kwa mzazi saa yoyote. Mama Quinter akakubali. Mimi nikawa mlezi wa pili.

Wiki ya kwanza nilitaka kukimbia. Mnanisikia? Mimi niliyewaandikia watu ushauri miaka yote, kufika siku ya tatu nilikuwa nimefungua mdomo kumfokea mtoto wa miaka miwili kwa sababu amenimwagia uji. Mgongo ulikataa kunyooka. Ndipo nikaelewa kwamba saa nne asubuhi ndiyo saa ngumu kupita zote. Wameamka kabla ya jua, njaa imewarudia, na wameanza kukumbuka mama. Tulirudisha uji nyuma ukawa saa tatu na nusu, kelele zikapungua nusu. Tukaweka makarai mawili ya maji kidogo na vikombe vya plastiki, wakubwa wakawa wanamimina na kumimina, na mlezi mmoja hapo hapo, haondoki hata kidogo karibu na maji. Wadogo tukawaweka upande wa ukuta na vitambaa vya kuvuta kutoka kwenye boksi. Usingizi ukawa baada ya chakula cha mchana, na anayekataa kulala anakaa na kitabu cha picha. Kelele zilikuwepo. Mwalimu Wekesa alipita siku moja, akasimama mlangoni, akasikiliza zile fujo, akatabasamu. Nilimwomba msamaha pale pale, na muuza mahindi akiwepo, maana nilienda kumwita makusudi.

Jambo jingine. Siku ya nne nilimwambia Mama Quinter aketi nje nusu saa, anywe chai, asishike mtoto. Alikataa, nikamsukuma. Baada ya muda nikasikia kikombe kinaanguka. Nikatoka mbio nikidhani ameugua. Alikuwa amelala ameketi, chai imemwagikia sketi, hata haimwamshi. Wazazi wa kwanza humletea watoto kabla ya saa kumi na moja alfajiri, na wa mwisho huchukua saa mbili usiku. Miaka mingapi? Hakuna aliyewahi kumuuliza. Katika karatasi zangu zote, na zilikuwa nyingi, nilipozipekua sikupata hata moja iliyoandikwa kwa ajili ya mlezi kama yeye.

Karatasi ya "Mtoto Mtulivu" nilizunguka mwenyewe kuibandua. Nyumba kwa nyumba, kwa kinyozi, madukani. Nyingine zilikuwa zimegandana na ukuta, nikazikwangua kwa kisu. Halafu nikaitisha mkutano ukumbini, palepale. Nikasimama nikawaambia: niliyowaandikia yalikuwa si kweli, nilimsifu mtu bila kuangalia, na nilimfanya aogope kuniambia ukweli. Baba mmoja akapaza sauti kutoka nyuma.

"Sasa sisi tuamini nani, Mwalimu?"

Nikamwambia, "Usiniamini mimi. Nenda kwenye kile chumba saa unayotaka, bila kupiga simu, ukae uangalie." Akanikazia macho akakaa. Wiki hiyo alienda, mara tatu. Najua kwa sababu nilikuwepo.

Miezi miwili ikaisha na mimi nikatakiwa kurudi Makina. Bila mlezi wa pili, chumba kingefungwa tena. Tukauliza akina mama mtaani, kila mmoja ana kazi, kila mmoja ana sababu. Jumatatu ya mwisho nilifika asubuhi nikiwa na hotuba tayari ya kuwaeleza wazazi kwamba tumeshindwa. Nikamkuta Syombua ndani. Amevaa aprini, amembeba mtoto wa mtu, Mwende anaburuta karai sakafuni. Mama Quinter alikuwa anakoroga uji na hakuinua macho.

Nilimvuta Syombua nje.

"Umeacha kazi ya Lavington?"

"Nimeacha."

"Syombua, mimi sijui kama ningeweza. Umemsamehe vipi huyu mama?"

Aliniangalia kama mtu aliyeulizwa swali la kijinga.

"Nani amekwambia nimemsamehe? Nilikuja kwa sababu wao ni kumi na wanane, na yeye ni mmoja." Kisha mtoto akalia ndani, naye akarudi.